Spana Kumi na Tatu

Nilidhani ni bahati.
Nimelala chali chini ya Foniksi ya Mzee Shekimweri,
nikanung'unika peke yangu, "Kumi na tatu iko wapi?"
na wewe, kwenye kiti nilichokuchomelea mwenyewe
kwa magurudumu ya baiskeli mbili zilizokufa,
hapa hapa, Barabara ya Kumi na Nane,
ukaitazama.
Hukunitazama mimi. Uliitazama spana,
chini ya kopo la grisi, mkia tu umechungulia.

Nikasema, "Pampu." Macho yakaenda kwenye pampu.
Nikasema, "Spoki." Yakapanda ukutani.
Nikataka kukutega: "Hatibu, kuku."
Kuku hakuwapo.
Ukageukia uchochoro wa kina Mwanamvua,
ukangoja,
na kuku akapita.

Kule Bombo walishaandika kwenye kadi: mtindio wa ubongo.
Yule tabibu mwembamba akaniuliza, "Anaelewa?"
Nikajibu upesi, kama mtu anayedaiwa, "Hasemi."
Akauliza tena. Nikamrudishia lile lile.
Sikujua kuwa najibu swali ambalo hajaliuliza.

Na dada yako alianza hivyo hivyo, sasa ndiyo nakumbuka.
Hana neno hata moja mdomoni,
lakini ukisema "twende" anatambaa kutafuta kandambili.
Kwake tuliita akili.
Kwako tuliita kushtuka.

Basi nimekaa, mikono imejaa grisi,
nahesabu yaliyosemwa juu ya kichwa chako
kama watu wanavyosemea juu ya meza.
Shangazi yako, arubaini ya babu:
"Mzigo huu Mungu akutue, kaka."
Ulikuwa unakunywa uji. Ukaacha.
Tukasema umeshiba.
Wateja wakinong'ona, "Huyu hasikii, ee?"
(na kama hasikii, mnanong'ona kwa nini?)
Na mimi, usiku ule wa mvua za vuli,
nilivyomwambia mama yako, taa imezimwa...
hapana. Hilo siliandiki.
Unalijua.

Miaka tisa tumesimama nje ya ghala,
hakitoki kitu mlangoni, tukasema ni tupu.
Kumbe katani imepangwa mpaka darini,
robota juu ya robota,
na kila tulichotamka kimo humo, kimefungwa kamba.

Bibi yako ndiye kinyume chako tangu kiharusi.
Yeye maneno yanamtoka, mengi, yamechanganyika,
ila ya kwetu yanamwangukia kama mvua juu ya bati:
anajua inanyesha.
Jana nimemwambia "kunywa chai" mara tatu,
mara ya tatu nimepaza sauti, kama vile tatizo ni masikio.
Wewe ukamtazama. Ukatazama kikombe.
Ukamtazama tena.
Akayafuata macho yako polepole,
kama anavuka barabara,
akakishika.
Ikawa imepoa, lakini akainywa.

Mwalimu wa kitengo ameniambia:
sema kidogo, halafu ngoja. Usimjibie.
Kungoja kwenyewe ndiko sikuwezi.
Mimi ni mtu wa kaza, legeza, lete hela.
Kwa hiyo nahesabu, kimoyomoyo,
mpaka namba yako.

Leo jioni nimechuchumaa usawa wa uso wako
nikakuuliza lile swali. Unalikumbuka.
Nikaanza kuhesabu.
Tano. Sita.
Kidole chako kikatikisika, kikatulia.
Kumi. Kumi na moja.
Macho yako yakaniacha, yakaenda barabarani.
Kumi na tatu.
Barabara tupu.
Halafu nami nikausikia, mbali, upande wa sokoni,
mnyororo mkavu unalia, unakuja kwetu.

"Mteja," nikasema.
Ukacheka mpaka kiti kikatetemeka.
Sijui kama hilo ndilo jibu.
Nimeinuka kutafuta mafuta,
na sijauliza mara ya pili.