Kompyuta ya Kuze

Ilikuja juu ya mkokoteni, imevishwa blanketi kama mgonjwa,
baba akitembea ubavuni, kiganja juu ya kioo,
akimfokea msukumaji kila shimo:
"Taratibu, yakhe! Humo ndani mna akili!"
Aliinunua mnadani, kampuni ya mizigo ya Kilindini ilipofilisika,
na bei yake mama hajaambiwa hadi leo.

Ngazi zetu nyembamba, zapinda mara mbili.
Ami Nasoro alibeba kichwa, Twalib kiwiliwili.
Mimi nilipewa kipanya, nikakishika mkia,
nikapanda nyuma yao kama ninayekwenda kukitupa.

Nyanya Thuwaiba akaipima kwa shibiri.
Siku ya nne ikapata kitambaa cha kufuma,
cheupe, pindo la waridi;
kibodi nayo ikapata chake,
kipanya kofia.
Kuiwasha kulianza kwa kuivua nguo.

Baba saa yake ilikuwa baada ya isha: karata,
peke yake, akipiga meza kila akishinda.
Mama hutokeza jikoni na unga mikononi:
"Huyo unayemfunga ni nani, mbona simwoni?"
Twalib aliziandikia timu za mpira za Ulaya, akiomba jezi.
Hatukuwa na printa. Hatukuwa na stempu.
Barua kumi na tisa zimo katika diski moja, zangoja.
Mimi nilichora nyumba, nikaimwagia zambarau,
rangi ikapata tundu nisiloliona
ikavuja mbingu nzima.

Jumamosi moja herufi M ikagoma.
Baba akaifungua kibodi kwa bisibisi, nasi tumemzunguka:
sisimizi, ukoo mzima, na mayai yao,
na vipande vya kashata vya kutosha sahani.
Akatutazama mmoja mmoja.
Ami Nasoro akakumbuka ana safari ya Likoni.

Kisha yale mabomu.
Ule mchezo wa visanduku vya kijivu: fungua, hesabu, usilipuke.
Rekodi ilikuwa ya Twalib, sekunde mia na arubaini.
Asubuhi tukakuta mia na kumi na mbili,
na mahali pa jina: ssssss.
Twalib akanishika shingo. Mimi nikamshuku mama.
Mama akasema yeye ana mahamri ya kukaanga.
Baba akaapa ni mtu wa karata.
Juma la pili: tisini na nane. ssssss.
Jirani Bi Kibibi akashauri tufukize ubani.
Baba akafukiza kweli, moshi ukaingia kwenye feni,
kompyuta ikakohoa siku mbili.

Nilimkuta mimi, usiku wa kwenda kunywa maji.
Ukumbi giza, kioo kinamulika miwani iliyofungwa kwa uzi,
kitambaa kimekunjwa begani,
na kidole cha kufumia kikibofya.
Nyanya, aliyeandika barua zake zote kwa herufi za Kiarabu,
hakuinua macho.
"Hapa mbili, hapa moja," akasema,
"basi tundu liko kati. Ni kufuma tu, mwanangu.
Ila huku ukikosea, hufumui."
"Na hii s, Nyanya?"
"Ipi? Hiyo? Ilinipendeza. Yafanana na kulabu yangu."
Akamega kashata, nusu akanipa,
makombo yakanyesha juu ya kibodi.
Maskini Ami Nasoro.

Twalib sasa yuko Doha, ana kompyuta tatu.
Kila Idi hunipigia simu. Twaulizana watoto, twaulizana joto,
kisha sauti yake hushuka:
"Wallahi sitakasirika. Sema tu, ulikuwa wewe?"
Nami hutazama kitambaa, siku hizi kimefunika birika,
nikamwambia simu inakatakata.
Nililipwa kashata. Kashata ni ahadi.