Nukta

Halifax, Yorkshire, Februari 1926

Enid Garside anapiga chapa kitabu cha mtu mwingine,
peni moja kwa kila maneno mia.
Kilikuja katika boksi la viatu, kimefungwa utepe wa kofia,
mwandiko wa Bi Holroyd umeinamia upande mmoja
kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe,
na hauna nukta.

Kurasa kumi na nne, sentensi moja.
Mwanamke anamenya kiazi,
na ganda halijafika sakafuni amekwisha kuwa mtoto wa miaka sita,
amekwisha kuolewa, amemzika mama, amerudi,
kiazi ki papo hapo mkononi,
maji hata uvuguvugu hayajapata.

Kidole cha Enid kimelelewa na barua za kiwanda:
Bwana mpendwa, marobota arobaini ya sufu, nukta.
Ankara imo ndani, nukta.
Sasa kinaitafuta
kama ulimi unavyolitafuta pengo la jino

na huko juu Clement ameanza kutembea

hatua saba hadi dirishani, saba kurudi, miaka saba tangu kengele zilipolia kwamba vita vimekwisha na mimi nina unga hadi viwikoni, nikatoka mbio na unga wangu, Bi Sugden akanikumbatia akabaki na viganja vyangu vyeupe mgongoni, hakuna aliyempangusa, hakuna aliyemwambia kaka, au aliambiwa, naye siku ile alikuwa wapi, bado yupo huko, mtu anawezaje kunywa chai katika chumba cha juu na bado yupo huko, sukari nimenunua au sikununua

Saa ya baba haina timazi.
Clement aliichomoa, akaizika ndani ya makaa,
maana inahesabu kwa sauti, alisema,
kama yule luteni kijana na saa yake ya mkononi:
nukta tano, nukta nne, nukta tatu,
kisha filimbi.

Daktari Ackroyd alivua glavu, akamgonga magoti.
Yaliyopita si ndwele, kijana, tugange yajayo.
Akaandika dawa ya usingizi na upepo wa bahari.
Si ndwele!
Basi ni nini kinachoamka saa tisa za usiku
kikatafuta buti zake chini ya kitanda,
kikaita majina manne, kila mara kwa mpangilio uleule,
na la nne kikalisubiri liitike?

Ukurasa wa kumi na moja kidole kimeasi.
Baada ya neno mvuke kimeiweka:
nyeusi, ndogo kama chawa.
Enid anaisugua kwa raba. Karatasi inakonda,
inakonda, inapitisha mwanga,
nukta imekuwa tundu.

Anausoma ukurasa kwa sauti ajue pa kuendelea,
anasoma kiazi, ganda, mama, mvuke,
anasoma asipate pa kumezea mate,
wala hajui ni lini hatua zilinyamaza.
Clement yuko ngazini, soksi mguu mmoja,
mkono juu ya mbao
kama mtu aliyeshika bega la mwenzake.

"Halafu?"
"Hakuna halafu. Ni sentensi ileile."
"Basi isome tu."

Anasoma. Pumzi inamwishia katikati ya neno kisima,
anavuta nyingine, na ngazini naye anavuta,
mwanamke wa kiazi ana miaka sita tena, ameinama juu ya maji,
na huko jikoni maziwa yameanza kufurika,
wote wawili wanasikia yanavyoungua juu ya chuma,
hakuna anayekwenda