Kilomita Mia, Si Zaidi

Sitaki tena Laredo. Sitaki Vancouver wala milima yake
inayoteleza kama sabuni mkononi.
Miaka kumi na minane nimelala nyuma ya usukani,
kwenye kitanda chembamba kuliko jeneza la baba,
nikiamka sijui niko nchi gani
hadi nione dizeli inauzwa kwa lita au kwa galoni.

Sasa nataka kazi ya hapa hapa Yorkton,
kilomita mia, kwenda na kurudi,
jioni buti zangu zikauke mlangoni kwangu.

Nilianza na ghala la nafaka.
Kijana wa kaunta, mtoto wa Bohdan yule wa karakana,
alinitazama kitambi kabla ya uso.
"Mavuno yamekwisha, mzee Hnatiuk. Rudi mwezi wa nane."
Mwezi wa nane! Na tulikuwa Novemba,
mashamba ya kanola yamenyolewa hadi ngozi.

Machimbo ya kokoto: ardhi imeganda, mashine zimelala.
Kampuni ya maziwa: wanaye Gladys Wasylyk,
miaka sitini na mitatu, hajamwaga hata kikombe,
na hana mpango wa kufa.
Duka la mbao: wanataka barua ya kujieleza.
Nijieleze nini?
Nimeendesha kilomita milioni mbili na nusu
nikagonga kulungu mmoja tu,
naye ndiye aliyekosea.

Leseni yangu niliilaza kaunta baada ya kaunta
kama karata ya mwisho.
Breki za upepo, trela mbili, rekodi safi.
Wote wakasema nzuri, nzuri sana,
kwa sauti ile ya kumsifu mtoto wa mtu.
Penye nia pana njia, eti.
Njia ninazo zote kichwani.
Nilichokosa ni mahali pa kuegesha.

Darlene hakusema neno. Alibandika karatasi kwenye friji,
nambari za simu kwa mwandiko wake wa zamu ya usiku,
ya mwisho imepigiwa mstari mara mbili.
"Usicheke kwanza," akasema. "Piga."

Lori la kunyonya mashimo ya vyoo.

Mwenye lori, Mervyn Kowalchuk, alikuwa na mgongo mbovu
na haraka ya kustaafu.
Akanijaribu siku ile ile: nirudi kinyumenyume
kati ya banda la kuku na tangi la gesi,
baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Niliingia kama uzi kwenye tundu la sindano.
Hakunisifu. Alinirushia funguo.
"Saa moja asubuhi. Njoo na glavu zako."

Mchagua jembe si mkulima.

Sasa nayajua mashimo yote toka Ebenezer hadi Saltcoats.
Najua nani ana wageni, nani anakula peke yake,
nani amerudiwa na binti yake na wajukuu watatu;
tangi husema kabla jirani hajasema.
Bibi Teklia hunitolea mkate wa moto hadi uani,
mkono mmoja umeshika mkate,
mwingine umeshika pua.

Lakini jioni ile ya kwanza.
Nilifika saa kumi na moja na nusu, bado kuna mwanga kidogo.
Nikavua kila kitu gereji, amri ya Darlene,
nikaoga mara mbili, nikaingia jikoni kwangu
nikafungua kabati nitafute sahani.
Vikombe.
Nikafungua jingine: mishumaa, betri,
dawa za mbwa aliyekufa mwaka juzi.
Danylo alikuwa mezani, miaka kumi na saba,
hakuinua macho kutoka kwenye hesabu zake.
"Kushoto kwa sinki, baba," akasema,
taratibu, kama anayemwelekeza
dereva mgeni.