Sanduku Lenye Tundu

Chumba changu ni hatua nne kwenda, nne kurudi,
ya tano ni kwa Bi Mize.
Michenzani kuta ni nyembamba:
akikohoa yeye, pole natoa mimi.

Fundi Khatibu wa Darajani
aliniwekea masanduku mawili mezani.
Moja limezibwa pande zote, kama barua ya posa.
La pili lina tundu usoni,
tundu la kuingia ngumi.

"Hili lililozibwa," akasema, "bakhili.
Litakula umeme, litakupa kidogo,
ila kila linachokupa limekihesabu.
Hili la tundu lina ukarimu wa harusini,
hata pumzi ya mgongoni hulitupi,
linaitoa kwa mbele, besi maradufu.
Lakini likishaanza kusema
kunyamaza halijui."

Bei moja. Nikachukua ukarimu.

Usiku ule niliweka kanda ya marehemu baba,
waliyorikodi klabuni mwaka nisioujua:
yeye nyuma kabisa, kasimama,
kakumbatia besi la kimo chake.
Nikangoja kidole.
Kikaja kishindo.
Sahani za kombe zikaanza kusengenyana kabatini,
kioo kikaona baridi,
noti ikalala juu ya mgongo wa noti,
kona ikaipokea, ikairudisha imenenepa,
na baba, mtu wa maneno mawili kwa siku,
akawa anapayuka.

Ukutani: ngo, ngo, ngo.
Mpini wa ufagio, naujua.

Nikalitoa sanduku konani.
Chini ya dirisha. Nyuma ya mlango. Juu ya kitanda, hata,
na mimi nikatambaa kwa magoti chumba kizima
sikio likinusa sakafu.
Raya akasimama mlangoni:
"Umeangusha nini?"
"Baba," nikasema.

Hakucheka. Alikwenda kwenye kamba ya nguo,
akarudi na soksi ya mpira ya Nassir,
nyekundu, kisigino bado kibichi,
akaikunja mara mbili, akaishindilia tunduni.
Fundi Khatibu hakunambia hilo.

Nikarudisha kanda nyuma.
Besi likapungua. Siongopi, likapungua,
mpenda vishindo angesema nimeibiwa.
Lakini kidole kilipoiacha kamba
nilisikia kinaiacha.
Halafu pakawa patupu, kidogo tu,
na pale patupu
kiatu chake kikikwaruza ubao,
moja, mbili, tatu,
akingoja zamu.

Nikaizima. Nikaiwasha tena. Sahani kimya.

Jumamosi Nassir alikuwa na mechi Mnazi Mmoja,
akadai soksi yake, ikabidi nimpe.
Mchana kutwa sanduku likasema litakalo,
na ufagio, ajabu, haukugonga.
Magharibi ilipokaribia Bi Mize akachungulia ukumbini,
kanga kichwani, udhu bado unamdondoka:
"Mwanangu, wiki nzima mzee wako alikuwa anapiga vizuri.
Leo kapandwa na nini?"

Sikujua kama anamjua.
Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

Jumapili asubuhi nilikuwa Darajani tena,
si kwa fundi, kwa muuza soksi.
"Mguu namba ngapi?" akauliza.
Nikamwonyesha ngumi.