Namba Kumi na Moja

Nilinunua kwa macho, sikatai.
Dukani Pakwach, rafu ya juu, kati ya mabomba na misumari,
rafadha ya chuma cha pua, mapanga matatu,
inang'aa hadi niliyaona meno yangu ndani yake.
Ubavuni imegongwa namba: kumi na tano.
Muuzaji akasema, hii ndiyo ya Kerunega,
yule anayefika Mahagi kabla chai haijapoa.
Nikalipa bei ya mbuzi wawili na nusu.
Hiyo nusu nadaiwa hadi leo.

Lakini Kerunega hubeba nini?
Simu, kofia, na abiria mmoja mwenye haraka.
Mimi nabeba barafu.
Masanduku manne kwenda kambini,
na kurudi, sangara juu ya barafu,
sangara wenye vifua kama vya wakwe wasioalikwa,
petroli ya akiba, mizani, Pirwoth na mdogo wake,
na mama mmoja au wawili wasioniambia
mfukoni mna nini.

Asubuhi ya kwanza, ufukweni Panyimur,
injini iliguna.
Mtumbwi ukainua pua, ukaitazama milima ya Kongo,
ukabaki hivyo hivyo, matako majini.
Nikazungusha mkono hadi mwisho,
na mwisho ulikuwa pale pale mwanzoni.
Moshi mweusi. Wauza mihogo wakaacha kuuza.

Fundi Uyirwoth hakugusa hata skrubu moja.
Aliinamisha kichwa upande, akasikiliza,
kama mtu asikilizaye kifua cha mtoto.
"Haiumwi," akasema. "Imeelemewa. Niletee mtumbwi tupime."
Nikamletea mtumbwi mtupu, nimeuosha.
Akacheka mpaka akakaa chini.
"Gauni la mjamzito
unalipima kwa kumvisha dada yake?"

Basi tukapakia. Barafu ya kweli, watu wa kweli,
Pirwoth akilalamika kwamba yeye si gunia.
Fundi akazungusha waya kwenye kamba ya plagi,
akawa anasoma namba kwenye kisanduku chake:
kumi na tano, mizunguko elfu tatu na mia tisa.
Kumi na tatu, ya kuazima, elfu nne na mia sita.
"Injini hii inataka elfu tano na kidogo," akasema,
"chini ya hapo unaiua polepole, nayo haitakwambia."

Kisha akanionyesha kwa kidole, tukiwa tumelowa:
"Namba ni hatua. Mzunguko mmoja, inchi kumi na tano mbele,
kama maji yangekuwa mbao nayo rafadha ni skrubu.
Sasa wewe, gunia la muhogo kichwani,
unaruka mitaro?"
Siruki.
"Unatembea vipi?"
Hatua fupi, za haraka.
Akatoa kumi na moja.

Ya aluminiamu, rangi nyeusi imebanduka,
ncha moja imenyooshwa kwa nyundo.
Ningeiona dukani nisingeigeukia.
Lakini sauti ilipanda, ikapanda, ikatulia juu,
elfu tano na mia mbili,
na pua ya mtumbwi ikashuka taratibu
kama mtu aliyekubali kuketi mezani.
Nyuma yetu maji yalichanika kwa mstari mmoja.
Mama mmoja akaushika mfuko wake, akasema, ee.

"Ukiwa mtupu Kerunega atakuacha," Fundi akaonya.
Nikajibu kwa kiburi: sijawahi kuwa mtupu.

Agosti ziwa likaninyima.
Nilirudi na masanduku manne ya maji ya uvuguvugu,
injini ikipiga kelele kama birika lililosahauliwa,
ikabidi nilegeze mkono, nilegeze tena.
Kerunega akanipita, akapunga kofia.
Nami nikapunga. Ningefanya nini?

Ile kumi na tano iko jikoni, kwenye msumari juu ya jiko.
Moshi haujaishinda, bado inang'aa.
Mwanangu huuliza, utaifunga lini?
Siku nitakapokuwa sina tena cha kubeba, namwambia,
kisha nakoroga chungu kwa nguvu
nisiisikie sauti yangu ikilisema hilo.