Kanga Dirishani

Mimi ndiye niliyepiga kelele kuhusu kelele.
Nilisimama kikaoni na sare yangu, sijalala,
nikasema: wapeni watoto kiwanja chao,
lakini si nyuma ya ukuta wangu.
Mimi hulala mchana. Usiku wangu ni wa wodi ya wazazi.

Mwenyekiti Mkwizu akafungua daftari.
Viwanja vilikuwa vitatu.

Cha kwanza, ubavuni mwa zahanati,
kilikataliwa kabla chai haijapoa.

Cha pili, bondeni. Kiangazi ni pakavu, pamenyooka;
masika mto huja na magodoro, ndara zisizo na pea,
na mwaka juzi jokofu zima, mlango wazi.
"Tutawafundisha kuogelea na mbao?" akauliza Bi Tunu.

Cha tatu, hapa Keko, mgongoni mwa mafundi seremala,
hatua themanini kutoka kitandani kwangu.
Nimezihesabu.

"Hapo hakuna atakayewasikia,"
akasema fundi Ngonyani, vumbi la mninga kwenye nyusi.
"Sisi wenyewe hatusikiani.
Na miteremko tutawachongea kwa mabaki."

Nikamjibu: msumeno una mlio mmoja,
sikio huuzoea kama feni.
Ubao wa magurudumu una tabia.
Unakwaruza, unanyamaza, halafu unapiga.

Siwema, miaka kumi na minne,
kovu la goti kama kisiwa kwenye ramani,
aliupindua ubao wake mapajani,
akazungusha gurudumu kwa kidole.
Likavuma kama nyuki ndani ya chupa.
"Mtaani ubao ni njaa," akasema.
"Huu wangu hunisahaulisha ule mwingine."
Watu wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ndipo Mkwizu akabuni jaribio.
Muuguzi aende akalale.
Watoto wateleze pale, juu ya plaiwudi.
Akisikia, atikise kanga dirishani.
Hakuna kanga, hakuna kesi.

Nikaenda. Nikafunga dirisha.
Kanga nikaishika mkononi, ile ya zambarau,
ambayo maneno yake siyasemi mbele ya kamati.
Usiku ule nilikuwa nimepokea watoto kumi na mmoja,
mmoja alitanguliza miguu.

Nje, kamati nzima juani,
shingo juu, macho dirishani kwangu
kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi.

Kanga haikutikisika.

Muhtasari unasema: *Mlalamikaji hakusikia.
Kiwanja cha tatu kimepita.*
Hausemi kwamba nililala fofofo
kabla gurudumu la kwanza halijagusa plaiwudi,
mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni.
Nami sijasema.

Sasa miteremko ipo, mninga na mkongo,
imepigwa vanishi kuliko meza za wenye pesa.
Na ninasikia. Nisisikie nina masikio ya nta?
Saa sita mchana umeme hukatika,
misumeno hukata roho mmoja mmoja,
na wale hawahitaji umeme.

Magurudumu yanakuja, krrrrrrr,
kisha hakuna kitu.
Ubao uko hewani. Siwema yuko hewani.
Nami kitandani nimeizuia pumzi,
maana kimya hicho nakijua.
Ndicho kile cha saa tisa usiku,
kitovu hakijakatwa, mtoto mzito viganjani,
mama anauliza kwa macho,
na chumba kizima kinasubiri sauti.

Ta!

Nageukia ukutani.
Jumamosi nitarudi kikaoni na malalamiko mengine.
Mosi, wasianze kabla ya saa nane.
Pili, yule mtoto hana kofia.