Kwa Bikoni

Hakimo kwenye kitabu cha jiografia,
wala mgeni hajawahi kukiuliza njia.
Sisi wa Ngwachani twakiita Kwa Bikoni,
kwa lile jiwe la saruji waliloliacha wapima ardhi
wakenda zao, wasirudi hata kulijulia hali.

Mdogo wangu Shaame karudi juzi kutoka Maskati,
alikopanda milima isiyoota hata jani;
picha anazo kwenye simu, kifua mbele, miwani myeusi.
"Hiki," kasema, "si mlima.
Hiki kichuguu kilichosoma."
Nikamwambia funga kamba za viatu, twende.

Tulianzia bondeni, kwenye mpunga,
mimi malapa mkononi,
yeye buti zake za bei zikinywa tope kama ng'ombe.
Kisha mihogo ya Bi Salhina,
kisha kichochoro cha midalasini,
kisha njia ikainuka ghafla
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa hauna udugu:
hatua mbili mbele, moja nyuma.
Shaame akashika mgomba, mgomba ukaja naye.
Sikucheka. Nilikohoa tu, mara tatu.

Katikati ya mpando akaomba tusimame
"tuangalie mandhari."
Mandhari gani? Mbele yetu mbuzi
kafungwa kwenye mkarafuu, anatafuna,
anatutazama kama karani aliyekwisha funga dirisha.
Basi tukaangalia mandhari
mpaka pumzi za Shaame zikarudi
moja moja, kama kuku magharibi.

Huko juu mikarafuu imezeeka.
Mingine imekufa imesimama,
mingine yachipua ubavuni kwa ukaidi,
na harufu yake si ile ya kwenye chupa:
ni ya jani lililopondwa na kisigino,
inapanda puani, inaishia kooni.

Mvua ya vuli ilitutangulia kileleni.
Misali haionekani. Bahari haionekani.
Hata paa la skuli halikujitokeza.
Dunia nzima ilikuwa jiwe la saruji,
namba zilizofutika, konokono mmoja,
na sisi wawili chini ya mwamvuli
wenye mbavu iliyovunjika.

Hapo ndipo aliponiuliza, bila kunitazama:
"Mama alikuwa akipanda huku mara ngapi?"

Nikahesabu. Msimu wa karafuu, asubuhi na alasiri.
Kupanda, dumu la maji ya wachumaji kichwani,
mtoto mgongoni.
Kushuka, pakacha kichwani, mtoto yule yule.
Mtoto mwenyewe, nikamwambia, ulikuwa wewe,
na ulikuwa mzito, na ulikuwa ukilia.
Hakupata hata siku moja kukiita kilima.
Alisema tu, "Nafika shamba, narudi sasa hivi,"
kama mtu anayekwenda kuazima chumvi.

Akanyamaza.
Akaliwekea jiwe kiganja
namna tunavyopima paji la mtoto mwenye homa.
Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.
Picha hakupiga.

Kushuka ndiko kulikotuadhibu.
Magoti yakasema yote
yaliyoyaficha wakati wa kupanda.
Shaame akavua buti, akazining'iniza shingoni,
na vidole vyake, vilivyopauka kwa soksi za miaka,
vikaanza kuung'ata udongo kimoja kimoja.
Hakuteleza tena. Mimi ndiye niliyeteleza.
Yeye hakukohoa; alicheka mpaka akakaa chini.

Bi Salhina alikuwa barazani kwake,
anamenya muhogo, kisu kidogo, mkono wa haraka.
"Mwatoka wapi na mvua hii?"
"Kwa Bikoni."
"Kufanya nini?"

Tukatazamana, matope mpaka kwenye nyusi,
hatukuwa na jibu.

Akatukagua: mikono mitupu, vichwa vitupu.
"Na kuni," akasema, "hamkuja nazo?"